Mbeya City imerudi, na msimu wa kwanza si wa kuogopa

Timu inapopanda Ligi Kuu Tanzania Bara, vijiwe vyote huuliza kitu kimoja: itabaki? Kwa msimu wa 2025/26 ulioanza Septemba 2025, swali hilo liliwahusu Mtibwa Sugar, mabingwa wa Ligi ya Championship, na Mbeya City waliowafuatia kwa karibu. Stand United ya Shinyanga ilijaribu kupenya kwa njia ya mtoano ikakwama mbele ya Fountain Gate, hivyo nafasi zilizopata wenyewe wapya ni mbili tu, za Kagera Sugar na KenGold zilizoshuka.

Hofu ya kushuka inaeleweka, lakini rekodi inasema vingine. Tangu ligi irudi kwenye timu 16 msimu wa 2021/22, timu 9 zilipanda hadi kufikia msimu wa 2024/25. Kati ya hizo, 7 zilimaliza msimu wao wa kwanza zikiwa bado Ligi Kuu. Mbeya Kwanza ilishuka mwaka 2022 na KenGold ikashuka mwaka 2025. Geita Gold, Ihefu, Singida Big Stars, JKT Tanzania, Mashujaa, Tabora United na Pamba Jiji zote zilivuka. Tena baadhi hazikuvuka kwa kubahatisha: Geita Gold ilimaliza ya 4 msimu wa 2021/22, na mwaka uliofuata Singida Big Stars, iliyokuwa imepanda kwa jina la DTB, nayo ikakaa nafasi hiyohiyo ya 4.

Mashabiki wengi hapa nchini wanaitazama Ligi Kuu ya England kila wikiendi, na huenda huko ndiko hofu inakotoka. Msimu wa 2023/24 Luton, Burnley na Sheffield United walipanda pamoja wakashuka pamoja. Msimu uliofuata Leicester, Ipswich na Southampton wakafanya vivyo hivyo. Ila ufa wa England upo chini ya jedwali: timu 17 zimeshiba fedha za televisheni kwa miaka, na tatu zinaingia na njaa. Kwetu ufa upo juu. Simba, Yanga, Azam na sasa Singida Black Stars wana vikosi na bajeti za aina yake, na nyuma yao ziko timu 12 zinazofanana kwa mishahara, kwa viwanja, kwa ubora wa wachezaji, hata kwa makocha, maana makocha walewale huzunguka kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Timu iliyopanda inaingia katika kundi hilo la 12, na humo hakuna wa kumtisha. Ligi ya Championship nayo ina timu 16 na mechi 30, kwa hiyo mchezaji aliyepanda anaujua urefu wa safari na idadi ya mechi zilizo mbele yake.

Ndiyo maana naona mazungumzo ya kubaki au kushuka yanatumalizia muda. Hatari kubwa zaidi inaanza baada ya msimu wa kwanza, na haionekani kwenye jedwali.

Zitazame zile 7 zilizovuka. Geita Gold ilishuka mwaka 2024, msimu wake wa tatu. Ihefu ya Mbarali, ambayo Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 bila kupoteza, ilibadilisha mikono, ikahamia Singida na leo inaitwa Singida Black Stars. Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate, ikaondoka Singida na kwenda kuweka makazi Babati. Kitayosce ikawa Tabora United, na msimu wa 2025/26 ikaingia uwanjani kama TRA United. Zilizobaki na majina yao na miji yao ni JKT Tanzania na Mashujaa, ambazo nyuma yao lipo jeshi, na Pamba Jiji, ambayo kufikia 2025 ilikuwa na msimu mmoja tu tangu irejee baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20.

Hilo linauma, na linaniuma zaidi ninapofikiria watu wa Mbarali. Walijaza uwanja wa Highland Estate, wakamwona bingwa wa nchi akipoteza mbele yao mara mbili, 2022 na tena Oktoba 2023. Miezi michache baadaye timu haikuwa yao. Haikushuka. Katika hesabu za Bodi ya Ligi ilivuka salama na ikazidi kupanda. Kwa shabiki aliyekuwa akikaa pale kando ya mashamba ya mpunga, klabu imekufa.

Mbeya City yenyewe ndiyo mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu imeshawahi kupanda na kung'ara kuliko timu yoyote mpya ya kizazi hiki. Ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya na kufika Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Chini ya kocha Juma Mwambusi ilimaliza ya 3, nyuma ya Azam iliyotwaa ubingwa bila kufungwa na nyuma ya Yanga, mbele ya Simba. Uwanja wao wa nyumbani, Sokoine, ulikuwa ukijaa mapema, na mashabiki wake, maarufu kwa Koma Kumwanya, waliifuata timu yao ugenini kwa mabasi, jambo ambalo kwa timu za mikoani lilikuwa limeanza kusahaulika. Kikosi kile kilijengwa na vijana ambao nchi ilikuwa haijawasikia.

Kisha yakaja ya kawaida. Deus Kaseke akachukuliwa na Yanga, Peter Mwalyanzi akaenda Simba, Mwambusi mwenyewe akaingia benchi la ufundi la Yanga. Hakuna ubaya mchezaji akipiga hatua. Tatizo ni kilichobaki nyuma yao. Klabu yenye mpango humuuza Kaseke kwa bei nzuri na kutumia fedha hizo kutafuta Kaseke watatu wengine Rungwe, Kyela na Tunduma. Mbeya City haikufika tena nafasi ile ya 3. Iliendelea kuwepo, msimu mmoja katikati ya jedwali, mwingine ikihangaika na mtoano, hadi mwaka 2023 ilipofungwa na Mashujaa katika mechi za mwisho za mtoano na kushuka baada ya misimu 10 Ligi Kuu.

Kwa hiyo inaporejea, kuiuliza kama itabaki ni kuiuliza swali ililokwisha kulijibu mara tisa mfululizo. Linalofaa kuulizwa ni kama safari hii kuna kitu kitakachojengwa.

Nianze na mmiliki. Klabu ya halmashauri ina faida ambayo timu za mtu binafsi hazina: halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikahamia mkoa mwingine. Mbeya haitaipoteza Mbeya City kama Mbarali ilivyoipoteza Ihefu, na kwa mkoa ambao katika miaka michache umeona Ihefu ikiondoka, Mbeya Kwanza ikishuka na KenGold ya Chunya ikishuka, hilo si jambo dogo. Ila fedha za halmashauri zina mwendo wake. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na dirisha kubwa la usajili linafunguliwa wakati huohuo, kabla makusanyo ya mwaka mpya hayajaingia vya kutosha. Klabu inatakiwa kulipa ada za usajili, kambi na mishahara ya mwanzo katika miezi ambayo mfuko ni mwepesi. Baadaye, makusanyo yakija, timu inapanga foleni pamoja na madarasa, zahanati na barabara za mitaa, na sidhani kuna mkazi wa Mbeya atakayekubali straika alipwe kabla ya zahanati.

Mwaka 2025 kulikuwa na la ziada. Ulikuwa mwaka wa Uchaguzi Mkuu, na mabaraza ya madiwani yalivunjwa kupisha uchaguzi wa Oktoba. Maana yake, katika miezi ambayo klabu ilihitaji maamuzi ya haraka, chombo kinachopitisha matumizi hakikuwepo kikamilifu, na madiwani wapya wangekutana ligi ikiwa imeshakwenda. Wanaoisimamia Mbeya City walipaswa kuwa wamefunga hesabu za mishahara hadi mwishoni mwa mwaka kabla mpira haujaanza kudunda. Kama hawakufanya hivyo, habari za mgomo wa mazoezi zingeanza kusikika kufikia Desemba.

Fedha nyingine zipo. Mkataba wa haki za televisheni ambao Azam Media ilisaini mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na gawio lake limezipa timu za mikoani sakafu ya kusimamia. Zamani timu ilikuwa ikisafiri kutoka Mbeya kwenda Mwanza kwa kuchangisha. Siku hizi angalau kuna kitu kinachoingia benki. Kuna udhamini wa NBC, kuna mapato ya getini ambayo timu mwenyeji huyachukua, na Mbeya ni miongoni mwa miji michache ambako mlango wa uwanja unaweza kuingiza fedha ya maana hata mgeni asipokuwa Simba wala Yanga.

Hapo niseme jambo ambalo viongozi wengi wa timu zilizopanda hawapendi kulisikia. Mechi za Simba na Yanga nyumbani ni hazina, na zinaweza kulisha kambi kwa wiki nyingi, lakini hazibakizi timu. Timu ikizitumia nguvu zake zote, posho zake nono na maandalizi yake yote kwa mechi mbili hizo, kisha ikaenda Ruangwa au Kigoma ikiwa imechoka na haijalipwa, imekosea hesabu. Pointi za kubaki ziko kwa Namungo, Coastal Union, KMC, Dodoma Jiji, Prisons na wenzao.

Tupige hesabu. Mechi ni 30, na kwa kawaida timu inayofikisha pointi 35 huwa imejiweka mbali na mtoano. Ukiziondoa mechi za wale wanne wa juu, Mbeya City ina mechi 11 nyumbani na 11 ugenini dhidi ya timu za daraja lake. Nyumbani ikishinda 6 na kutoa sare 4, hizo ni pointi 22. Ugenini ikishinda 2 na kupata sare 5, ni 11 nyingine. Jumla 33, na sare mbili mbele ya vigogo zinakamilisha. Hii si hesabu ya timu bora, ni ya timu ya kawaida yenye nidhamu ya ulinzi. Ugumu ni zile sare 5 za ugenini, maana timu mpya huwa na tabia ya kwenda ugenini na kufunguka kana kwamba bado iko Championship.

Sokoine inasaidia. Mbeya iko kwenye kimo cha takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na timu za pwani zikifika huko hulalamikia baridi na pumzi. Lakini jiografia inayoisaidia nyumbani ndiyo inayoiadhibu njiani. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Kwenda Kigoma, Mwanza au Tanga ni safari ya kulala njiani. Timu inayosafiri kwa basi siku mbili na kucheza siku ya tatu haipotezi kwa sababu ya mbinu. Kocha yeyote wa timu za Nyanda za Juu atakwambia kwamba bajeti ya usafiri ni sehemu ya ufundi, na kama kuna mahali pa kuongeza fedha kabla ya kununua jina kubwa, ni hapo.

Hilo la majina makubwa linanipeleka KenGold. Ilipanda mwaka 2024 ikiwa bingwa wa Championship, ikashindwa kuanza vizuri, na ilipofika dirisha dogo la Januari 2025 ikajaza kikosi kwa watu waliowahi kutamba, akiwemo Bernard Morrison aliyepita Yanga na Simba. Februari ikafungwa 6-1 na Yanga. Bao lake pekee siku hiyo lilipigwa na Selemani Bwenzi kutoka katikati ya uwanja, bao zuri sana, na limekumbukwa kuliko msimu wenyewe. KenGold ilishuka ikiwa mkiani. Usajili wa Januari ulikuja wakati shimo limeshachimbwa, na wachezaji wanaokuja kuokoa jahazi kwa miezi minne hawana historia na mji wala na wenzao. Wale vijana walioipandisha timu ndio waliojua kucheza pamoja.

Pamba Jiji ilipanda pamoja na KenGold ikafanya makosa yake mapema. Ilianza na Goran Kopunovic, matokeo hayakuja, na Oktoba 2024 ikamkabidhi timu Fred Felix Minziro, mtu ambaye alikwisha kuipandisha Geita Gold na kuifikisha nafasi ya 4. Haikuwa ya kupendeza kuitazama, ila ilibaki. Tofauti kati ya timu hizi mbili, kwa maoni yangu, ni kwamba Pamba ilitibu ugonjwa miezi miwili baada ya msimu kuanza na KenGold ikasubiri mitano.

Kuna hatari nyingine ya mwanzoni ambayo huonekana ndogo hadi siku ya mechi, nayo ni makaratasi. Agosti 2023 Kitayosce, ndiyo imepanda, ilikwenda Chamazi kufungua msimu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 tu kwa sababu leseni za wengine hazikuwa tayari. Feisal Salum akafunga matatu, mabao yakafika manne, wachezaji wa Kitayosce wakapungua chini ya 7, na kabla ya dakika ya 20 mwamuzi akamaliza mchezo. Timu iliyokuwa imetumia fedha nyingi kusajili haikuwa na watu wa kucheza. Ligi inaruhusu wachezaji 12 wa kigeni, na klabu iliyopanda huvutiwa kuijaza idadi hiyo. Kila mgeni ana hati ya uhamisho, kibali cha kazi, kibali cha makazi, na mkataba ambao usipoheshimiwa humalizikia mezani kwa FIFA na klabu kufungiwa kusajili. Ningekuwa kiongozi wa Mbeya City ningechukua wageni wanne au watano waliopimwa vizuri: beki wa kati, kiungo mkabaji, straika, labda na winga. Fedha za nafasi zilizobaki zingelipa mishahara ya wazawa kwa wakati.

Kulipa kwa wakati kulikuwa na uzito zaidi msimu wa 2025/26 kwa sababu ya kalenda. CHAN ya Agosti 2025, ambayo Tanzania ilikuwa mwenyeji pamoja na Kenya na Uganda, iliisogeza ligi mbele. AFCON ya Morocco ilipangwa kuanza Desemba 21, 2025 na kumalizika Januari 18, 2026, na ligi kusimama. Timu zetu nne ziliingia mashindano ya Afrika, hivyo viporo vilitarajiwa kuwa vingi. Kwa klabu ndogo, mapumziko ya aina hiyo maana yake ni wiki za mishahara bila mapato ya getini, wachezaji wakirudi makwao, wengine wakirudi na uzito. Ligi ikiendelea huja kwa kasi, mechi baada ya siku tatu, nne. Kwangu, wiki mbili za mwanzo baada ya AFCON ni za kuangaliwa kuliko wiki mbili za mwanzo wa ligi. Hapo ndipo huonekana nani alifanya mazoezi Januari na nani alikuwa anadai.

Mtibwa Sugar inahitaji maneno machache, kwa kuwa ni mpya kwa kalenda tu. Ni mabingwa wa 1999 na 2000, walitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2018 kwa kuifunga Singida United 3-2 Arusha, na walikaa Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 kabla ya kushuka mwaka 2024. Walirudi ndani ya msimu mmoja. Wana kiwanda nyuma yao, wana uwanja wa Manungu kule Turiani, na wana kitu ambacho karibu timu zote za kundi la kati hazina: timu ya vijana inayotwaa ubingwa na kutoa wachezaji. Wasiwasi wangu kwao ni kwamba walishuka wakiwa na vyote hivyo. Kiwanda kilikuwepo, vijana walikuwepo, na bado walimaliza mkiani. Nilivyoona mimi, wakati ule walikuwa wameacha kuwapa vijana wao dakika na kuanza kuokota wachezaji walioachwa na wengine. Wakirudia hilo watateseka. Wakiwaamini waliowapandisha, nawaona kati ya nafasi ya 9 na ya 13.

Mbeya City naiweka juu kidogo, kati ya 8 na 12, na sababu yangu kubwa ni Sokoine. Ila utabiri huo hauna maana kubwa kwangu kuliko mambo mawili ambayo yangeweza kufanyika kabla ya Juni 2026 bila kumgharimu mtu bao hata moja. La kwanza, halmashauri iitenge klabu na vitabu vyake: akaunti yake, mtendaji wake anayejibu kwa bodi, wanachama wanaolipa ada, na katiba inayotamka kwamba jina, rangi na mji haviuzwi hata hisa zikiuzwa. Mwekezaji akija, na atakuja timu ikifanya vizuri, akute mlango huo umefungwa. La pili, mikataba ya vijana watatu au wanne walioipandisha timu irefushwe sasa, kabla hawajafunga mabao ya kuwafanya watajwe Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba. Kijana mwenye mkataba wa miezi 6 huondoka bure, na mwenye miaka miwili na nusu huacha nyuma yake fedha za kumtafuta mrithi wake. Mwaka 2014 Mbeya City ilikuwa na wachezaji wanaotamaniwa na nchi nzima, na ilikuwa katika nafasi ya kuamua bei. Kama msimu huu utawapa nafasi hiyo tena, dirisha litakuwa fupi, na wanaosaini mikataba wanapaswa kuwa wamekwisha kuifanya kazi yao kabla ya Krismasi.